Lodi Egerton na Karamu ya Dada Yangu

Mhariri alipotangaza kwamba toleo la mwaka huu litakuwa na kurasa za watu mashuhuri waliokwisha kutangulia mbele ya haki, wanachama waligombania majina kama kuku wanavyogombania mtama. Koitalel arap Samoei alinyakuliwa na Kidato cha Nne kabla sijafungua kinywa. Mekatilili wa Menza akaenda, Tom Mboya akaenda, na Shaaban Robert akachukuliwa na mlezi wa chama mwenyewe. Nilipoulizwa mimi, nikasema nitaandika juu ya Lodi Egerton. Kicheko kilichozuka hapo, ndugu msomaji, nadhani kilisikika hadi jikoni kwa mpishi. Ati nimekosa shujaa Mwafrika hadi nimwendee mzungu aliyekalia ardhi yetu! Sikujibu kitu siku hiyo. Jibu langu ndilo hili.

Lazima nianze na karamu, kwa kuwa pasipo karamu ile nisingemfahamu Lodi huyu zaidi ya jina lililoandikwa langoni mwa chuo kikuu pale Njoro.

Mwishoni mwa mwaka uliopita dada yangu, kifungua mimba wa nyumba yetu, alihitimu shahada ya kilimo katika Chuo Kikuu cha Egerton. Kwetu hilo halikuwa jambo dogo. Baba aliacha shule mwaka wa 1992 akiwa Kidato cha Pili, vita vya kikabila vilipozuka huku kwetu Molo na Kuresoi, nyumba zikachomwa na watu wakatawanyika kama siafu waliomwagiwa jivu. Utulivu uliporudi, pesa za karo zilikuwa zimekwisha kuliwa na mabati na misumari. Kisha moto ukarudi tena mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008. Dada alikuwa ndiyo kwanza anajua kusoma, na Mama husimulia jinsi alivyokimbia na kitabu chake cha hesabu kwapani huku kiatu kimoja kikibaki matopeni. Kwa hivyo ile kofia bapa ya mahafali, kwetu, ilikuwa na uzito kuliko gunia la viazi.

Na viazi vilikuwapo. Ilikuwa majira ya vuli, mvua zile fupi ambazo huku kwetu hazina ufupi wowote, kwani Kuresoi mvua hunyesha inapotaka. Baba aliuza magunia ya viazi, akauza na fahali mmoja. Babu, ambaye sisi humwita Kugo, akatoa mbuzi wawili. Jirani zetu, Wakikuyu na Wakisii na sisi Wakipsigis, walichanga kila mtu alichokuwa nacho. Mama alisafisha vibuyu vyake kwa mkaa wa senetwet, akagema maziwa ya mursik wiki nzima kabla ya siku yenyewe.

Tulirauka saa tisa usiku. Matatu mbili tulizokodi zilijaa watu, sufuria, viti vya plastiki na mapipa ya maji. Barabara ilikuwa tope tupu. Tulisukuma gari mara mbili kabla ya kufika Molo, na shangazi yangu aliyevaa viatu virefu alifika Elburgon akiwa peku. Lakini nyimbo hazikukoma. Tulipofika Njoro jua lilikuwa limechomoza, na uwanja wa mahafali ulikuwa umefurika. Majoho meusi yalitanda kama kunguru shambani baada ya mavuno. Walipotajwa wa Kitivo cha Kilimo, wakasimama wote kwa pamoja, vigelegele vilivyopigwa sijawahi kusikia mfano wake. Mama alipenya umati hadi alipomfikia dada, akamvisha sinendet shingoni, ule mtambaa wa kijani ambao kwetu huvishwa mshindi. Baba hakusema lolote. Alikuwa anaishikashika kofia ya dada, akiigeuza huku na huku kama mtu anayetafuta bei yake.

Sasa mambo yalianza kuharibika hapa. Dada na wenzake sita walikuwa wamekubaliana kwamba familia zao zikutane kwa chakula katika viwanja vya jumba la Lodi Egerton, kule Ngata, upande wa kuelekea mjini Nakuru. Watu wengi hufanya hivyo. Jumba lile siku hizi ni makumbusho chini ya chuo kikuu, na harusi, mandari na picha za mahafali ni jambo la kawaida pale. Kugo aliposikia tunakwenda wapi, alikataa katakata kushuka garini. Alisema, kwa sauti ya chini ambayo hutisha kuliko ukali, kwamba yeye utotoni alichunga ng'ombe wa setla mmoja karibu na Molo, kwamba alikuwa akipita kwa mlango wa nyuma na kulipwa posho ya unga, na kwamba hawezi uzeeni kwenda kula nyama kwenye ua wa mzungu mkubwa kuliko yule. Basi tukamwacha ndani ya matatu, langoni, na dereva.

Mimi nilikula upesi, kisha nikaingia ndani ya jumba na kundi la wageni. Niliyoyaona na kuyasikia humo, pamoja na niliyoyasoma baadaye katika maktaba, ndiyo maisha ninayokusimulia sasa.

Maurice Egerton alizaliwa tarehe 4 Agosti 1874 katika ukoo wa matajiri wa Uingereza. Nyumbani kwao ni Tatton Park, karibu na mji wa Knutsford katika jimbo la Cheshire: jumba kubwa, bustani, ziwa, na mbuga ya paa. Kijana wa aina hiyo angeweza kukaa tu akanywa chai na kungoja urithi. Huyu hakutulia. Alisafiri mbali, hata Yukon kule kaskazini mwa Kanada ambako watu walikuwa wakitafuta dhahabu kwenye barafu. Alipenda kuwinda na kupiga picha. Magari yalipoanza kuonekana barabarani, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuyaendesha nchini mwao.

Halafu zikaja ndege. Unakumbuka kwamba ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, walirusha ndege yao ya kwanza yenye injini Desemba 1903. Egerton alikuwa na urafiki nao. Alinunua ndege iliyoundwa Uingereza na ndugu wa Short kwa kufuata mfano wa Wright, akajifunza kuirusha katika kisiwa cha Sheppey. Mwaka wa 1910 alipata cheti cha urubani nambari 11 cha Uingereza. Hebu tafakari: katika nchi nzima, walikuwa wamemtangulia watu kumi tu! Ndege zenyewe zilikuwa mbao, nyaya na kitambaa, na rubani alikaa nje na upepo ukimpiga usoni. Mimi ninaogopa hata kukaa kiti cha mbele cha matatu ya Molo.

Mwaka wa 1920 baba yake alifariki, naye akawa Lodi, yaani Baroni Egerton wa Tatton, wa nne kuitwa hivyo. Katika miaka hiyo hiyo ya 1920 alipata ardhi kubwa hapa Njoro. Hapa sitaki kupita haraka, maana ndipo kicheko cha wenzangu kilipotokea, nao walikuwa na haki ya kucheka. Bonde hili halikuwa pori lisilo na mwenyewe. Mkataba wa 1904 ndio uliowahamisha Wamaasai kutoka Bonde la Ufa, wengi wakapelekwa Laikipia, na mwaka wa 1911 wakatolewa huko pia. Ogiek walikuwa katika misitu ya Mau tangu zamani. Serikali ya kikoloni iliitenga nyanda hii kwa Wazungu, na hadi karibu na mwaka wa 1960 Mwafrika hakuruhusiwa kumiliki shamba humo. Angeweza kufanya kazi humo, kama Kugo. Lodi Delamere alikuwa ametangulia kufika Njoro, akajaribu kondoo, ng'ombe na ngano, akapata hasara nyingi kabla ya faida. Egerton alikuja katika njia iliyokwisha kuchimbwa na wengine.

Hakuoa. Hapo ndipo hadithi zinapoanza, na yeyote atakayekutembeza katika jumba lile atakusimulia. Inasemekana alimpenda mwanamke mmoja wa ukoo wa kifalme kutoka Austria. Akamjengea nyumba ya vyumba sita. Bibi yule alipoiona akaidharau, akaifananisha na banda la kuku, akaenda zake. Lodi, kwa uchungu, akaanza kujenga jumba ambalo hakuna mwanamke angeweza kulidharau, lakini lilipokamilika bibi alikuwa ameolewa kwingine. Tangu hapo, wasema, hakutaka kumwona mwanamke katika shamba lake.

Dada zangu na shangazi zangu waliisikiliza hadithi hii wakitikisa vichwa kwa huruma. Mimi nilikaa nikapiga hesabu, kwa sababu mwalimu wetu wa Hisabati ametuzoesha vibaya. Ujenzi wa jumba ulianza 1938. Lodi alikuwa na umri wa miaka 64. Ulimalizika 1954, baada ya miaka 16, yeye akiwa na miaka 80. Mtu wa miaka 64 akianza kujenga ili amrudishe mchumba, basi ana subira ya ajabu, au hadithi imetiwa chumvi njiani. Huenda kuna chembe ya ukweli. Lakini naona watu walikuta jumba kubwa lenye mzee mmoja ndani yake, wakatafuta mwanamke wa kulieleza.

Jumba lenyewe ni la mawe, la kijivu, na limesimama kama kwamba lilitoroka Ulaya likapotea njia. Wanaotembeza wageni huhesabu vyumba 52. Kuna ukumbi mkubwa wa dansi wenye kinanda cha mabomba, kama vile vya makanisa makuu, kilichojengwa ukutani. Nilisimama katikati ya ukumbi ule nikakohoa, na kikohozi changu kikanirudia. Kumbe mtu huyu alipenda kumbi! Kule kwao Tatton alijenga ukumbi mwingine katika miaka ya 1930, wa kuwekea vichwa vya wanyama aliowawinda na wa kuwakaribisha wapangaji wa mashamba yake. Wakati mmoja, basi, alikuwa na kumbi mbili za karamu, moja Uingereza na moja Njoro, lakini hakuwa na mke wala mtoto wa kufungua naye dansi.

Hata hivyo, mwaka mmoja tu baada ya kuanza kujenga jumba alifanya jambo jingine. Mwaka wa 1939 alitoa ekari 740 za ardhi ili kuanzishwe shule ya ukulima. Tuseme kweli: shule ile haikuanzishwa kwa ajili ya dada yangu. Ilikuwa ya vijana wa Kizungu waliotaka kuwa wakulima katika koloni hili, na baada ya Vita Vikuu vya Pili wanajeshi wa Uingereza waliopewa mashamba huku walifunzwa hapo. Mwaka wa 1950 ikapandishwa daraja, ikaanza kutoa cheti cha mwaka mmoja na stashahada ya miaka miwili. Mwaka wa 1955 ikaitwa Chuo cha Kilimo cha Egerton. Na kabla ya kufariki, mwaka wa 1958, mzee akaongeza ekari nyingine 1,100. Historia ya chuo yasema kwamba katika mwongo ule ule milango ilifunguliwa kwa watu wa rangi zote, kutoka Kenya na nchi nyingine za Afrika.

Lodi Egerton aliaga dunia tarehe 30 Januari 1958, akiwa na miaka 83. Alikuwa ameishi chini ya miaka minne tu tangu jumba lake likamilike. Kwa kuwa hakuwa na mtoto, cheo cha Baroni Egerton wa Tatton kilikufa pamoja naye. Tatton Park ikaenda kwa shirika la Kiingereza la kuhifadhi majumba na mandhari. Lililobaki likikua ni lile shamba la shule. Lilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka wa 1986, na mwaka wa 1987 Bunge likakifanya chuo kikuu kamili. Vyuo vikuu vya Kisii, Chuka na Laikipia, vilivyopata hati zao mwaka wa 2013, vyote vililelewa na Egerton kwanza. Mbegu, mifugo, maziwa, udongo: maafisa wa kilimo wasiohesabika nchini walijifunzia mambo haya Njoro. Yule afisa aliyekuja kumwonyesha Baba jinsi ya kupambana na mnyauko wa viazi alisomea hapo, na dada husema ndiye aliyemtia hamu.

Sasa nitamweka wapi mtu huyu? Nilipokuwa nikitoka ndani ya jumba nilikuwa na mawazo mawili yanayopigana. Upande mmoja nilimsikia Kugo, aliyekwisha kuniambia mara nyingi kwamba mtu akikuchukulia ng'ombe kumi kisha akamwachia mwanao ndama, usimpigie magoti kwa sababu ya ndama. Upande wa pili nilimwona dada yangu nje, joho limelowa matone, sinendet shingoni, akicheka na binti wa Kikuyu na binti wa Kisii waliosoma naye miaka minne. Wazazi wa mabinti hao na wazazi wetu, mwaka wa 2008, hawangeweza kuketi mkeka mmoja. Leo walikuwa wakigombania nani amwongezee mwenzake pilau. Na mahali penyewe ni pale ambapo, kama hadithi ni za kweli, mwanamke asingekanyaga. Mimi sikuweza kumtukana Lodi wala kumshukuru. Nilijikuta tu ninamwonea imani kwa zile kumbi zake mbili, na sijui kama Kugo angenisamehe kwa hilo.

Wakati huo huo mvua ikaja. Si manyunyu, ni ile ya kwetu, inayomwagika kama imetumwa. Watu wakanyanyua sufuria, viti, watoto na chapati, tukakimbilia barazani pa jumba. Familia saba zilijibana chini ya mawe yale, wote tukinuka moshi na sufi mbichi. Ndipo Mama akakumbuka kwamba matatu aliyomo Kugo ina paa linalovuja, na ya kwamba mzee ana kifua. Baba akatoka na mwavuli mmoja wa dada.

Walikuwa polepole mno njiani. Nilidhani mzee angegoma katikati. Lakini walifika, Kugo ametangulia na bakora yake, Baba nyuma akilowa. Mzee alisimama kwenye kizingiti, akaligonga jiwe la ukuta kwa bakora mara mbili, kama mtu anayepima ukavu wa kuni. Akatazama juu hadi mwisho wa ukuta. Kisha akaniita, akaniuliza nyumba hii ina vyumba vingapi, nikamwambia ni 52. Akauliza walikuwa wakilala watu wangapi. Nikamwambia mwenyewe alikuwa mmoja.

Kugo alinitazama kwanza kuona kama ninamfanyia mzaha. Alipoona sicheki, alianza kucheka yeye. Alicheka hadi kikohozi kikamshika, hadi shangazi akaanza kumpiga mgongoni, na wageni wasiotujua wakageuka kutuangalia. Alipotulia alifuta macho, akamwita dada, akaomba apewe ile kofia aishike. Aliipakata magotini kama kifaranga. Halafu akaketi kwenye ngazi za Lodi, akanyoosha miguu yake yenye matope, akauliza kama nyama imekwisha.

Ilikuwa imebaki ya mbavu. Mursik ulikuwa kibuyu nusu, akapewa wote.